Mbingu Tatu za Mwalimu Leokadia

Vijana wa idara, mliniaga kwa keki, kitenge na hotuba ndefu kuliko nilivyostahili, kisha mkaniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Nimekaa hapa barazani Bigwa siku kadhaa nikiutazama mlima ukivaa wingu na kulivua, na haya nimeyaandika kidogo kidogo, mengine nikiwa nusu usingizini. Mambo ya vyeo sitayagusa. Yamo kwenye jalada langu kule utawala, na mwenye kukosa usingizi akayasome huko. Nataka kuwaeleza kazi yenyewe, na mtu aliyenifundisha, na ile miezi ambayo wengi wenu mliiona kwa nje tu mkadhani nimekosana naye.

Nilipoingia idarani, fizikia ilikuwa vyumba vichache mwisho wa korido, na kazi yetu kubwa ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa kilimo na misitu mambo ambayo hawakuomba kufundishwa. Siku ya kwanza nilivaa gauni la Idi na viatu vipya vilivyonibana. Mwalimu Leokadia alikuwa ameketi mbele ya kompyuta kubwa kama sanduku la nguo, mwanamke mrefu, mwenyeji wa Bukoba, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi. Nikampa shikamoo. Akaitikia bila kugeuka, akanisogezea picha ya msitu wa Uluguru iliyopigwa kutoka kwenye ndege.

"Nipimie miti," akasema.

"Ipi, Mwalimu?"

"Yote."

Ulikuwa utafiti wa watu wa misitu aliokuwa akiwasaidia. Mti ukiutazama kutoka juu ni duara lililopondeka, na kazi yangu ilikuwa kulizungushia kila duara mstari, kupima limevutika kiasi gani na limeelekea upande upi. Nilifanya hivyo hadi masika yakaisha. Nikifumba macho niliona miti. Nilidhani nimeajiriwa kimakosa, na kwamba siku moja mtu wa utawala atakuja kuniomba radhi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba anayeweza kupima duara lililopondeka kwenye picha yenye ukungu ameshajifunza nusu ya kazi ya galaksi, na kwamba Mwalimu alikuwa akinifundisha hiyo tangu asubuhi ile ya kwanza bila kunitisha kwa jina lake.

Picha za galaksi zilianza kuja miaka michache baadaye. Mwalimu alikuwa ameingia katika kikundi cha watafiti wa nchi nyingi waliokuwa wakiipiga picha mbingu ya kusini, kipande kwa kipande, kwa darubini iliyo juu ya mlima mkavu ng'ambo ya bahari. Intaneti yetu wakati ule ilikuwa ya kusali kwanza ndipo ufungue, kwa hiyo picha zilitumwa kwenye diski, zikashukia Dar es Salaam, zikaletwa kwa basi. Nilikwenda naye stendi ya Msamvu kupokea mzigo wa kwanza. Kondakta alilitikisa lile boksi akauliza kuna nini ndani.

"Mbingu," Mwalimu akamjibu.

Kondakta akamtazama, akatutazama wote wawili, akaandika "vifaa vya umeme".

Kwa atakayesoma haya bila kuwa mtu wa kwetu, kazi yenyewe ni hii. Nenda pale Mto Morogoro unapotoka mlimani, uangalie kokoto chini ya maji. Maji yenyewe ni maangavu, karibu huyaoni, lakini kokoto zinaonekana zimevutika, zimepinda kidogo, na ukitulia utajua maji yanapitaje kwa kutazama kokoto tu. Galaksi za mbali ndizo kokoto zetu. Kati yao na sisi imelala mada giza, isiyowaka wala kurudisha mwanga, na uzito wake unaupinda mwanga unaopita karibu nayo. Hiyo tunaiita lenzi ya mvutano. Galaksi inatufikia ikiwa imevutika kidogo mno. Ukipima moja hujapata kitu, maana galaksi nyingi zimezaliwa na umbo la yai, na huwezi kujua ipi ilizaliwa hivyo na ipi imevutwa njiani. Ukipima mamilioni na kuyaweka pamoja, maumbo ya kuzaliwa yanafutana, na kile kidogo zilichovutwa kwa pamoja kinabaki. Hapo unaweza kuchora ramani ya kitu ambacho hajakiona mtu. Na kwa kuwa mwanga wa mbali zaidi ni wa zamani zaidi, ramani hizo ukizipanga kwa umbali zinakuwa historia: mada ilivyokuwa imetandaa karibu sawasawa hapo mwanzo, na ilivyojikusanya polepole ikawa mabonge na nyuzi, na katikati yake nafasi kubwa tupu.

Swali lililotuweka kazini miaka yote lilikuwa moja. Je, mada imejikusanya kwa kasi ile inayotabiriwa na mwanga wa kale kuliko wote, ule uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, au imechelewa? Kama imechelewa, basi kuna jambo kuhusu ulimwengu ambalo hatulijui kabisa.

Majirani zangu nao walikuwa na swali lao. Kila Ramadhani inapokaribia waliniuliza kama mwezi utaandama, na kila mwaka niliwajibu kwamba mimi nashughulika na vitu vya mbali zaidi. Waliliona hilo kuwa jibu la mtu asiyejua kazi yake. Ukiongeza na wingu la Uluguru linalotufunika nusu ya mwaka, nawaelewa. Nimefanya kazi ya mbinguni maisha yangu yote katika mji ambao mbingu yake haionekani.

Kosa langu la kwanza kubwa mnalijua, maana nimewasimulia wote. Nilichora ramani ya eneo ambalo kila mtu anajua lina kundi zito la galaksi katikati, na ramani yangu ikaonyesha pale katikati hamna kitu. Nikabadilisha programu, nikabadilisha kompyuta, nikabadilisha hata kiti. Mwalimu aliitazama mara moja, akaichukua ile karatasi, akasema, "Twende nje." Ilikuwa mchana kweupe, wanafunzi wanapita kwenda kula. Akaniambia nilale chali kwenye nyasi.

"Nilale, Mwalimu?"

"Lala. Kichwa kaskazini." Akanishikia karatasi juu ya uso. "Haya, mashariki iko mkono gani?"

"Kushoto."

"Na kwenye ramani ya dunia?"

"Kulia."

"Basi umeichora mbingu kama mtu aliyesimama juu yake anaangalia chini. Huko bado hujafika, Zai."

Ukigeuza mashariki na magharibi, sehemu ya mivuto inageuka pamoja nazo, na ramani nzima inajifuta. Kila mtu wa kazi yetu hulifanya kosa hili mara moja, na sijui kazi nyingine ambayo mtu anaweza kulifanya. Miaka mingi baadaye nilimlaza Imani kwenye nyasi zile zile. Imani ni huyu mhadhiri wenu kijana, mtoto wa wakulima wa karanga wa Gairo, na siku ile alilala na shati lake jeupe bila kusita. Hapo nikajua tumempata.

Sasa nifike kwenye desturi ya kujifunga macho, maana yote yaliyotokea yalitoka huko. Mpimaji akiwa na jibu analolitamani, hutafuta makosa mpaka alipate jibu hilo, kisha huacha kutafuta. Wala si uongo, ni uchovu tu. Kwa hiyo kikundi chetu kilikubaliana kwamba vipimo vyote vya maumbo vikishakamilika vitapelekwa kwa mtu mmoja asiyeshiriki uchambuzi. Yeye atatengeneza nakala mbili za uongo kwa kuongeza au kupunguza mivuto kwa kiasi anachokijua mwenyewe, kisha aturudishie seti tatu zinazofanana kwa sura. Sisi tutazichambua zote tatu kwa bidii ile ile. Siku tutakapokubaliana kwamba hakuna tena cha kubadilisha, ndipo ya kweli itatajwa, na baada ya hapo hakuna ruhusa ya kugusa kitu. Ufunguo, yaani jina la seti ya kweli, uliwekwa pia kwenye kompyuta iliyofungwa, ili mtu akifa kazi isife naye. Kulikuwa na kanuni moja zaidi: atakayeambiwa jibu kabla ya siku hiyo, kwa bahati mbaya au kwa kutaka, anatoka kwenye uchambuzi siku hiyo hiyo.

Mtu aliyechaguliwa alikuwa Mwalimu Leokadia. Alikuwa ameshastaafu, anakaa hapa Bigwa, nyumba ya nne kutoka kwangu, anapalilia migomba ya mbegu ya kwao ambayo iligoma kabisa kuzaa kama ya kwao. Watu wa mabara matatu walimwamini. Alizifunga zile mbingu tatu akazipa majina ya vilele vyetu: Lupanga, Bondwa na Kimhandu. Mratibu wa uchambuzi, Mchile mmoja mpole, alihangaika miezi na neno Kimhandu, na Mwalimu hakumwonea huruma.

Tukaanza kuishi na mbingu tatu. Katika Lupanga, mada ilikuwa imejikusanya vilevile ilivyotabiriwa. Katika Bondwa ilikuwa imechelewa kidogo, kiasi cha kubishana. Katika Kimhandu ilikuwa imechelewa waziwazi, na nusu ya vitabu vyetu ingebidi viandikwe upya. Imani alikuwa mtu wa Kimhandu, maana kijana hupenda kukuta ulimwengu una kasoro ili aje aurekebishe. Mimi nilisema sina upande. Lakini mchana wa mvua, mlima ukiwa umefutika na bati linanguruma, nilikuwa nikisinzia mezani na kuiona ile mada ya Kimhandu ikijivuta gizani taratibu kama mgeni asiyetaka kuamsha nyumba.

Kila Jumapili akitoka kanisani nilikuwa napita kwa Mwalimu. Tulikunywa chai, wakati mwingine kulikuwa na senene wa kukaanga kutoka kwao, na tuliongea juu ya kila kitu isipokuwa kazi. Nikianza kueleza mashaka yangu aliinua mkono. "Usiniambie, uso wangu utakujibu," alisema. Sikufikiri sana wakati ule ilivyokuwa kwake. Ndiye aliyenifundisha kila nilichojua, na sasa alikuwa mtu pekee duniani anayejua ukweli wa jambo lile, na hakuwa na wa kuongea naye.

Kisha akapata kiharusi. Hospitali ilimrudisha nyumbani akiwa amepooza upande wa kulia, anaongea polepole, na akili inakuja na kuondoka. Mpwa wake Adela alitoka Bukoba kuja kumuuguza. Baada ya siku chache Adela akanisimulia, akicheka, kwamba shangazi anataja milima. Kila anayekuja kumjulia hali anashikwa mkono na kuambiwa mbingu ipi ndiyo ya kweli. Wageni wanaitikia, wanasema ahsante, wanaondoka.

Niliziba masikio papo hapo, mtu mzima, barabarani. Siri ya ulimwengu ilikuwa imeshafika kwa Bigwa nzima, isipokuwa kwangu na kwa Imani, na sisi wawili ndio tuliokuwa tukiitafuta.

Nilimwandikia mratibu. Akajibu kwa upole kwamba anaomba tusiende kwa Mwalimu kwa muda, mwezi mmoja tu, siku ya kufumbua macho inakaribia. Mimi ndiye niliyekuwa nimeandika programu ya kupima maumbo, na nikitoka katikati, ukaguzi wa mwisho wa vipimo utakosa mtu. Nikakubali. Mwezi ukapita. Ikagundulika kwamba umbali wa baadhi ya galaksi, ambao tunaukadiria kwa rangi zao, umekaa vibaya, na ukikosea umbali umekosea historia. Siku ikasogezwa. Ikasogezwa tena. Mimi nilikuwa nakaribia kustaafu, na uchambuzi ule ndio uliokuwa kazi yangu ya mwisho, ile niliyokuwa nimeingojea tangu nilipokuwa nazungushia miti mistari.

Mnajua kwetu mgonjwa anavyotazamwa. Mtu anaweza kukusamehe deni, anaweza kukusamehe hata matusi, lakini siyo kupita mlangoni pake anaumwa wewe usiingie. Na mimi nilipita kila siku, hakuna njia nyingine. Nilimpikia uji nikampa Adela getini. Nilituma salamu. Bi Mwajuma, jirani yetu wa tangu zamani, mama wa Kiluguru anayeuza viungo sokoni, alinisimamisha asubuhi moja katikati ya njia.

"We Zaituni, mwalimu wako yuko kitandani na wewe unapita na kapu lako la kabichi kama humjui. Mmegombania nini?"

"Hatujagombana, Bi Mwajuma. Ni mambo ya kazi."

"Kazi gani hiyo inayokataza kumjulia hali mgonjwa?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mada giza, mbingu tatu na kujifunga macho. Alinisikiliza mpaka mwisho, sina budi kumsifu kwa hilo. Kisha akasema, "Mungu akusamehe, mwanangu," akaingia zake ndani. Niliona aibu siku nzima. Niliona uchungu pia, maana kanuni niliyokuwa nimeisifia darasani miaka yote ilionekana kitu kidogo sana pale barabarani.

Adela alikuja mwenyewe siku ya Jumamosi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shangazi hajambo?"

"Hajambo kidogo. Lakini anakataa kula. Anasema Zai amemsusa." Akaangalia chini. "Mama, mimi hayo mambo yenu siyaelewi. Lakini sidhani kama atafika huo mwezi mnaousema."

Nikachukua kanga yangu nikaenda naye.

Nilikuwa nimejipanga. Niliingia nikisema shikamoo, na kabla hajaitikia vizuri nikaanza: bei ya kabichi za Mgeta, mvua, mfereji ulioziba, harusi ya mtoto wa fundi seremala. Niliongea kama redio iliyoachwa wazi. Mwalimu alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndogo, lakini macho yalikuwa yale yale. Alinitazama nikihangaika, na upande mmoja wa mdomo wake ukacheka.

"Zai," akasema. "Nyamaza kidogo."

Harusi nikaiachia katikati.

"Nimechoka kuijua peke yangu."

Alilisema polepole, kila neno likitafuta njia. Machozi yalinitoka. Nilikuwa sijawahi kumsikia Mwalimu akisema amechoka, hata siku moja, hata enzi za kufundisha wanafunzi mia tatu kwenye ukumbi usio na kipaza sauti. Nikamwambia, "Subiri, Mwalimu." Nikatoa simu. Nikamwandikia mratibu kwamba kuanzia sasa mimi si mchambuzi tena, anayestahili kuachiwa programu ni Imani, na tafadhali asinijibu leo. Nikatuma. Nikaiweka simu mezani, kioo chini.

"Unajua watakutoa," Mwalimu akasema.

"Nimeshatoka. Niambie."

Akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akanishika mkono kwa ule wake mzima.

"Kimhandu," akasema.

Zile wiki zilizofuata sijui nizielezeje bila kuonekana nimelewa. Nilikwenda kila mchana baada ya vipindi. Adela alituwekea chai, mlima ulikuwa dirishani, na Mwalimu, akili ikiwa imetulia, alikuwa akinifundisha tena. Tulikuwa tunaongea habari za ulimwengu wa kweli, sisi wawili tu, bila kujificha. Kwa nini mada ya Kimhandu imechelewa? Labda mvutano unalegea katika umbali mkubwa sana. Labda mada giza inayeyuka kidogo kidogo, kizazi kwa kizazi. Labda kuna chembe nyepesi zinazokimbia huku na huku na kuyazuia mabonge yasifungane. Alichora kwa mkono wa kushoto, mistari ya kitoto, na kila mstari ulikuwa na akili. Alisema katika Kimhandu galaksi zinachelewa hata harusi zao wenyewe. Alisema nyuzi za mada ni nyembamba zaidi huko, na zile nafasi tupu si tupu sana, mtu angeweza kuzivuka bila kuogopa. Siku nyingine alisinzia katikati ya sentensi, nami nikabaki nikisikiliza mvua na kuyaona yote aliyoyasema yakiendelea bila yeye. Katika maisha yangu ya kazi sikuwahi kuwa na furaha kama ile, na nilijua nini kinaisha.

Alifariki alfajiri ya siku ya kawaida tu. Ibada ya kumuaga ilifanyika hapa Bigwa, kisha Adela akamsafirisha kwenda kuzikwa kwao. Imani alisimama nyuma kabisa, karibu na geti ambalo hakuwahi kulivuka tangu Mwalimu alipougua. Alikuwa ameishika kanuni mpaka mwisho, kama nilivyomfundisha mimi. Alilia mpaka watu wakamwekea kiti.

Siku ya kufumbua ilikuja baada ya hapo. Uchambuzi ulifungwa, wote wakakubaliana hakuna cha kubadilisha, na mratibu akaufungua ufunguo kwenye ile kompyuta huku wenzake wakitazama kutoka kila upande wa dunia. Mimi nilikuwa hapa barazani nachambua mchele. Imani aliingia alasiri, akasimama chini ya ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmefumbua?"

"Tumefumbua."

"Basi ndiyo hivyo. Kimhandu."

Ndipo alipoelewa nilikuwa nimeambiwa nini, na uso wake ukaniogopesha.

"Si Kimhandu, mama," akasema. "Ni Lupanga."

Bi Mwajuma alikuwa anaanika pilipili manga upande wa pili wa ua, na hakuwahi kusikia mazungumzo akayaacha yapite. "Lupanga?" akauliza. "Mimi aliniambia Bondwa. Muuza maziwa ndiye aliyeambiwa Lupanga, akaja kuniuliza kama ni shamba linauzwa."

Nilicheka. Nilicheka mpaka ungo ukanitoka mikononi, kisha kicheko kikageuka, nikawa nalia mbele ya Imani, na yeye akawa anaokota mchele chini kwa vidole ili asinitazame. Kwa hiyo mada imejikusanya vilevile ilivyotabiriwa. Vitabu viko sawa. Ule ulimwengu tulioujenga pale kitandani, wenye galaksi zinazochelewa, haupo mahali popote.

"Mratibu anasema unaweza kurudi," Imani akasema, bado anaokota. "Nilimpigia simu kabla sijaja, nikamwambia wewe ulitoka kabla ya kuambiwa. Na kama ulichoambiwa siyo jibu, jina lako litarudi kwenye kazi, mama. Kesho tu."

"Mwambie ahsante. Liache lilipo."

"Lakini alikosea tu. Ugonjwa."

"Labda."

"Au alikuficha?"

Hilo sijui mpaka leo. Siku nyingine naamini ni ugonjwa, kwamba vilele vitatu vilikuwa vinamzunguka kichwani na kila mgeni aliokota kilichokuwa karibu. Siku nyingine nakumbuka alivyonitazama kabla ya kujibu, naamini alijua kabisa, na kwamba alitaka kuwa na mwenzake wa kuongea naye lakini siri ya watu hakuwa tayari kuitoa. Nilimwambia Imani hivyo hivyo, kwamba sijui.

Akamaliza kuokota mchele. Akabaki amechuchumaa, mikono juu ya magoti.

"Mimi sikwenda hata mara moja," akasema.

"Najua."

"Mlikuwa mnaongea nini, mama? Huko ndani, siku zote zile?"

Nikasogea kwenye mkeka, nikamwambia apande akae, nimweleze katika Kimhandu mambo yako vipi. Akavua viatu, akakaa.